Ukungu ndani ya taa za mbele: ni umande tu au maji yanaingia?

Masika ikishika kasi, mafundi umeme wa magari hapa Dar wanazijua hizi kazi. Mteja anafika, anafungua boneti, ananyoosha kidole kwenye taa: "Fundi, imeingia maji." Dawa inayotolewa haraka ni ileile, silikoni. Taa inazungushiwa silikoni pande zote mpaka inavimba, mteja analipa, anaondoka. Baada ya wiki chache ukungu umerudi mzito kuliko wa mwanzo, na safari hii hautoki hata jua likiwaka.

Silikoni hiyo mara nyingi ndiyo iliyoharibu. Kabla ya kuinunua, na kabla ya kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kuulizia bei ya taa nyingine, unatakiwa kuamua jambo moja: unachokiona ni umande uliotokana na hewa, au ni maji yanayopita mahali? Dalili zake zinafanana kwa mbali, lakini tiba zake ni tofauti kabisa.

Taa inapumua, na inatakiwa ipumue

Taa ya mbele haijazibwa pande zote kama wengi wanavyodhani. Nyuma yake kuna matundu madogo ya kupumulia. Mengine yana kipande cha mpira kilichopinda kuelekea chini ili maji yasiingie, mengine yana sponji, na magari mengi ya karibuni yana kiraka cha utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Ukiwasha taa, globu ya halojeni, ile ya waya unaowaka, ya wati 55 inapasha hewa iliyomo, hewa inatanuka na kiasi chake kinatoka. Ukizima, hewa inapoa na kusinyaa, na taa inavuta nyingine kutoka nje. Hewa hiyo inaingia na unyevu wake.

Kioo cha taa ndicho kinachopoa upesi kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu ndicho kinachopigwa na upepo na mvua. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 75, yaani mchana wa kawaida kabisa wa Aprili hapa Pwani, huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi kama 25. Mvua moja ya alasiri inatosha kukishusha kioo hadi hapo. Ni jambo lile lile linaloifanya chupa ya soda itoke jasho ikitolewa kwenye friji, ila hapa jasho linatoka upande wa ndani.

Sasa hesabu kidogo, maana hii ndiyo inayomaliza ubishi. Chukua taa kubwa yenye nafasi ya lita 10 ndani. Ijaze hewa hiyo ya Dar, kisha ipeleke Mbeya usiku wa Juni ipoe hadi nyuzi 10. Maji yote ambayo hewa hiyo italazimika kuyaacha ni kama gramu 0.13, yaani matone mawili matatu. Yakitandazwa kwenye kioo yanaonekana kama ukungu wa kutisha, lakini ni matone mawili matatu tu. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 5 za maji, zaidi ya mara 35 ya kiasi hicho. Kwa hiyo ukiona maji yamesimama chini ya taa na yanacheza gari likipita kwenye tuta, usiisingizie hali ya hewa. Yana njia yanayopitia.

Angalia kwanza, usiguse kitu

Subiri jioni, au egesha kivulini. Washa tochi ya simu na umulike kioo kwa ubavu, si kwa kutazamana nacho. Umande wa hewa unaonekana kama vumbi laini la maji, matone yake hayahesabiki, na mara nyingi umekaa kwenye kona iliyo mbali na globu au sehemu ya chini ya kioo ambako joto halifiki vizuri. Maji yaliyopenya yanaonekana kama matone makubwa unayoweza kuyahesabu, yenye michirizi iliyoteremka. Ukiona mchirizi, ufuate kwa jicho kwenda juu. Pale unapoanzia ndipo pa kuchunguza.

Kisha linganisha na taa ya pili. Zote mbili zikiwa na ukungu unaofanana, kwa kiasi kinachofanana, sababu karibu kila mara ni hali ya hewa. Moja ikiwa kavu na ya pili imelowa, taa hiyo ina kasoro.

Halafu washa taa, injini ikiwa inaunguruma ili betri isiishe, na uende mwendo wa nusu saa hivi. Taa ya halojeni iliyo salama itakuwa imejisafisha au karibu. Baki ya ukungu kwenye kona moja si ugonjwa, lakini kioo chote kikiwa bado cheupe baada ya mwendo kama huo, endelea kusoma.

Ukungu mwembamba, taa zote mbili, unaondoka wenyewe

Usifanye kitu. Nasema hivi nikijua kuna watakaokereka, hasa aliyelitoa gari bandarini juzi na anataka ling'ae. Vitabu vya watengenezaji wengi wa magari vyenyewe vinaeleza kuwa ukungu wa aina hii ni wa kawaida wakati wa mvua, baridi au baada ya kuosha. Anayekuuzia dawa ya ukungu huu anakuuzia matatizo.

Ukungu uleule, lakini hauondoki

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni matundu ya kupumulia yaliyoziba. Magari yetu yanakula vumbi. Ukizunguka barabara za ndani za Bunju kiangazi, vumbi linajaa nyuma ya taa, mvua ya kwanza inaligeuza tope, tope linakauka ndani ya tundu. Wapo pia nyigu wanaojenga kwa udongo, wanaopenda sana mirija midogo kama ile. Gari lililokaa bila kutembea miezi kadhaa uani linaweza kukutwa na kiota kizima ndani ya mpira wa kupumulia.

Taa isiyoweza kupumua haikai kavu. Inapopoa inahitaji kuvuta hewa, na ikikosa tundu lake la kawaida inavutia popote palipolegea: kwenye mpira wa globu, kwenye mshono wa kioo. Na pale palipolegea huwa pamelowa. Ndiyo maana taa iliyozungushiwa silikoni, pamoja na matundu yake, inarudi na maji mengi zaidi. Fundi ameziba mlango na kuacha ufa.

Tafuta matundu hayo. Kwenye magari kama Toyota IST, Vitz au Probox unaweza kuyaona au kuyapapasa nyuma ya taa ukifungua boneti, wakati mwingine mpaka utoe kwanza chombo cha chujio la hewa au betri. Vua vipande vya mpira, vioshe kwa maji ya sabuni, vikauke, virudishe vikitazama chini kama vilivyokuwa. Sponji iliyooza ibadilishwe na sponji laini ya unene uleule. Usiiache wazi, vumbi litaingia na kukaa juu ya rifleketa, ile sehemu inayong'aa ya kurudisha mwanga mbele. Kiraka cha utando kisikwanguliwe wala kupigwa upepo wa kompresa: kipanguse taratibu kwa brashi laini, na kikiwa kimechanika tafuta kingine.

Mara nyingi kipande cha mpira hakipo kabisa. Kilidondoka tangu gari likiwa Japani, au fundi aliyetoa taa mara ya mwisho alikiona hakina kazi. Mpira wa mafuta wa kipenyo kinachofaa, uliokatwa sentimita chache na kukunjwa kuelekea chini, unafanya kazi hiyo vizuri.

Ilianza baada ya kubadilisha globu

Hii ndiyo sababu ninayoiweka mbele ya zote kwa gari ambalo halijagongwa, na ndiyo rahisi kuliko zote kutibika. Nyuma ya globu ya aina ya H4 kuna mpira mpana wenye mdomo unaokumbatia shingo ya taa, na katikati una tundu linalobana soketi. Ukiurudisha haraka, sehemu ndogo ya mdomo inajikunja kwa ndani. Ukiutazama kwa juu unaona umekaa. Pitisha kidole kuuzunguka wote, hasa upande wa chini ambako jicho halifiki: ukisikia ukingo umeinuka mahali, hapo ndipo maji ya tairi yanaporukia. Vua wote na uanze upya. Baadhi ya mipira hii ina alama ya upande wa juu, iheshimu.

Globu za H11, HB3 na HB4 hazina mpira huo mpana, zina oringi, yaani pete ndogo ya mpira, shingoni. Zinabanwa kwa kuzungushwa. Oringi ikikatika au globu isipozungushwa mpaka mwisho, taa inavuja. Na mpira wa gari lililokaa barabarani miaka kumi na kitu huwa umekuwa mgumu kwa joto. Ukiukunja ukaona nyufa ndogondogo, badilisha. Usiupake grisi ya kawaida ukitegemea utalainika, kwa sababu mafuta ya petroli huufanya mpira wa aina nyingi uvimbe na kulegea. Grisi ya silikoni inafaa, kiasi kidogo tu.

Ilianza baada ya kufunga LED

Kesi hizi zinaongezeka tangu globu za LED zenye feni zilipojaa madukani. Kuna mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mgongo wa LED nyingi ni mnene kuliko wa halojeni, kwa hiyo kifuniko cha nyuma hakifungi. Fundi anakikata tundu, au anakiweka kando na kukuambia feni inahitaji hewa. Taa imebaki mdomo wazi. La pili halionekani: halojeni inatupa joto lake mbele, na joto hilo ndilo lililokuwa linakausha kioo kila siku bila wewe kujua. LED inatoa joto lake kwa nyuma, kwenye bomba la feni, na mbele inabaki baridi. Ukungu ambao ulikuwa unaisha kwa nusu saa sasa unakaa mpaka saa nne asubuhi.

Kama ni lazima ubaki na LED, tafuta kifuniko kirefu cha mpira kinachofunika globu pamoja na feni yake. Ushauri wangu ni kurudisha halojeni. Taa iliyobuniwa kwa H4 ina rifleketa iliyopimwa kwa waya wa halojeni, na LED nyingi humo zinatawanya mwanga hovyo hadi kumpofusha anayekuja mbele yako. Magari yaliyotoka kiwandani na LED ni habari nyingine, hayo yamepangwa hivyo, na ukungu mwembamba unaochelewa kuondoka ni wa kawaida kwao.

Inatokea kila gari likioshwa

Muulize muoshaji, au simama utazame. Gari limetoka kazini, taa za moto, linapokelewa na maji baridi ya mashine ya presha. Hewa ndani ya taa inasinyaa ghafla na kuvuta, wakati huohuo mkondo wa presha umeelekezwa kwenye mshono. Mbaya zaidi ni pale boneti inapofunguliwa na injini kuoshwa, kwa sababu mkondo unapiga matundu ya kupumulia kutoka upande ambao hayakukusudiwa kujikinga. Mwambie asubiri taa zipoe, asisogeze mpira wa presha karibu na kingo za taa, na nyuma ya taa atumie kitambaa. Ukungu ukiisha kwa kufuata haya, huna tatizo la taa.

Taa moja, matone makubwa, gari limewahi kugongwa

Hata kama wewe hukuligonga. Magari mengi ya mtumba yamenyooshwa mahali, Japani au hapa. Toa shoo (grili ya mbele) na kama inabidi bampa, tazama masikio ya plastiki yanayoshikilia taa. Sikio lililounganishwa kwa moto au gundi linakuambia taa ilipigwa, na taa iliyopigwa sikio mara nyingi imepasuka pia kwenye kona ya mgongo, ufa mwembamba ambao huuoni mpaka uikunje kidogo kwa mikono.

Sehemu nyingine ni mshono. Kioo kimeingia kwenye mfereji wa nyumba ya taa na kushikwa kwa gundi nyeusi ya butili. Gari likinyooshwa bila mbele yake kurudi sawasawa, taa inafungwa ikiwa imejipinda, na mshono unaachia taratibu upande mmoja. Kuziba mshono huo bila kuondoa mkazo ni kazi bure. Legeza skrubu zote za taa, itulie yenyewe, kisha uzibane moja baada ya nyingine. Tundu la skrubu likikataa kulingana, mbele ya gari ndipo pa kushughulikia.

Usisahau pia taa iliyopigwa polishi kali. Msasa mkavu na mashine iliyokaa mahali pamoja vinaweza kukipasha kioo mpaka kikapata nyufa za nywele karibu na ukingo.

Weupe usiofutika na usiokauka

Huu si ukungu wa maji. Pangusa kioo kwa nje kwa kitambaa chenye maji: kikionekana safi kikiwa kimelowa na kurudi kupauka kikikauka, ni ngozi ya nje ya polikaboneti, plastiki ya kioo hicho, imeliwa na jua, na tiba yake ni msasa wa maji, polishi na koti jipya la kinga. Weupe ukibaki vilevile hata kioo kikilowa, na hakuna tone, basi upo ndani. Unaweza kuwa ni moshi wa globu ya bei chee, mabaki ya chumvi za maji yaliyoingia na kukauka, au silikoni. Silikoni ya kawaida ya madirishani, ile inayonuka siki, inatoa asidi wakati inakauka. Ukiifungia ndani ya taa, mvuke wake unakula ule mng'ao wa alumini kwenye rifleketa. Taa inakuwa kavu kabisa na haimuliki. Fundi akifungua tyubu, nusa.

Kutafuta mahali panapovuja

Zima taa, iache ipoe, toa waya hasi wa betri. Kwa taa za zenoni, zinazowaka kwa gesi badala ya waya na ambazo zimo kwenye Mark X nyingi, hili si la hiari: wakati wa kuwaka zinapewa zaidi ya volti 20,000. Taa ya zenoni au ya LED ya kiwandani iliyojaa maji mpe fundi anayezijua, na usiiwashe kabla haijakauka.

Taa ya halojeni ukishaitoa garini, toa globu zote na ukaushe maji kwanza. Halafu ziba matundu yote kwa tepu ya karatasi, ubaki na tundu moja la kupumulia. Chomeka hapo kipande cha mpira. Mtu mmoja apulize kwa mdomo, polepole, na mwingine apake povu zito la sabuni kuzunguka mshono, kona za mgongo na kwenye skrubu za kurekebishia mwanga. Povu litacheza na kutoa vipovu panapovuja. Weka alama kwa kalamu. Pumzi ya mdomo inatosha, kompresa ya tairi itaubandua mshono uliokuwa mzima na utaondoka na tatizo ambalo hukuja nalo.

Skrubu za kurekebishia mwanga zinasahauliwa kila mara. Zina vipete vya mpira shingoni ambavyo vinachakaa, na michirizi yake inaanzia nyuma, kwa hiyo mtu anaziba mshono wa mbele mara nne na maji bado yanaingia.

Kukausha

Jua la saa nne mpaka saa tisa, taa imevuliwa vifuniko na kulazwa tundu kubwa likitazama chini, linamaliza kazi nyingi. Funika tundu kwa chandarua wadudu wasiingie. Draya ya nywele inasaidia ikiwekwa moto mdogo na kupuliza kupitia tundu la globu, upepo ukitokea tundu la pili. Bunduki ya joto ya gereji iache kwanza, inakunja plastiki ya rifleketa kabla hujashtuka.

Usiingize kidole wala kitambaa kupangusa rifleketa. Mng'ao ule ni tabaka jembamba mno na unatoka na kitambaa. Kama kuna tope ndani, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, yaani yale maji ya kuongezea betri. Narudia, ya kuongezea, si asidi ya betri: chupa zake zinafanana na wauzaji wengine wanaziita jina moja. Tikisa, mwaga, rudia, kisha kausha. Na ukirudisha globu ya halojeni usishike kioo chake kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanaifanya iungue mapema.

Wengi wanauliza kuhusu vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Vinavuta unyevu, ndiyo, lakini vikishashiba vimeshiba, na taa inaingiza hewa mpya kila siku. Kwenye taa inayovuja havifui dafu. Baadhi ya magari yana kipakiti cha namna hiyo kwenye kifuniko cha nyuma tangu kiwandani. Hicho badilisha kikichoka. Kuvitupa tu ndani ya taa ni kutafuta kipakiti kiangukie globu ya moto.

Kuziba

Ufa mdogo wa mgongoni unazibwa kwa epoksi ya plastiki baada ya kukwanguliwa kidogo kwa msasa na kusafishwa kwa spiriti. Mshono ulioachia sehemu fupi unazibwa kwa silikoni isiyo ya asidi, isiyonuka siki, kwa sentimita zile tu ulizoziwekea alama, na taa ilale usiku kucha bila kufungwa. Matundu ya kupumulia yabaki wazi. Ukimkabidhi fundi, mwonyeshe matundu hayo kwa kidole kabla hajafungua tyubu.

Mshono ulioachia nusu ya taa unataka kufunguliwa. Taa nyingi za Kijapani zenye butili zinalainika kwenye joto la nyuzi 100 hadi 120 kwa dakika kama kumi, baada ya kutoa skrubu na klipu zote. Butili ya zamani inakwanguliwa, mpya inazungushwa kwenye mfereji, kioo kinarudishwa kingali na moto na kubanwa. Si kazi ya kujifunzia kwenye gari unalolitegemea kesho asubuhi. Kuna taa, hasa za magari ya Ulaya, zilizogundishwa kwa gundi isiyolainika kwa moto. Hizo ukilazimisha zinavunjika.

Jalidi

Kwa Dar hili ni hadithi. Kwa Makete, Matamba na uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,600, asubuhi za Juni hadi Agosti unaweza kukuta barafu nyembamba juu ya gari, na taa iliyokuwa na umande jioni ina barafu kwa ndani. Barafu hiyo ni unyevu uleule, hivyo tiba ni ileile: matundu yawe wazi na mipira iwe mizima. Ukijua unapanda huko, siku moja kabla, ukiwa Mbeya au Makambako na jua limetoka, vua vifuniko vya nyuma saa kadhaa taa ibadilishe hewa, kisha funga. Asubuhi usimwagie maji ya moto. Kioo kilichoganda kikipigwa na maji ya moto kinatanuka ghafla, koti lake linapata nyufa na mshono unavutwa. Washa taa za halojeni ukiwa unapasha injini, barafu itayeyuka yenyewe. Barafu ya nje ikwangue kwa kadi ya plastiki.

Ndugu walioko Kanada na Ulaya kaskazini wanalijua jingine: gari la LED linashikwa na theluji kwenye kioo cha taa na haiyeyuki, kwa sababu mbele hakuna joto. Huko simama njiani uipanguse kila inapobidi, hata kama ulipoondoka nyumbani taa zilikuwa safi.

Ukiamua kununua nyingine

Taa mpya ya Taiwani na taa iliyotumika iliyotoka Japani zinauzwa kwa bei zinazokaribiana kwa magari mengi. Ningechukua iliyotumika ya kiwandani kama masikio yake ni mazima, kwa sababu mishono ya nyingi za bei nafuu inagundishwa vibaya. Pale dukani omba imulikwe kwa tochi kwa ubavu. Tafuta michirizi iliyokauka ndani. Bonyeza kioo kwenye kona zote nne: kisicheze wala kutoa mlio. Hesabu vipande vya mpira nyuma, na vinavyokosekana vidai kabla hujalipa, maana kuvitafuta kimoja kimoja ni usumbufu. Uliza taa imetoka gari la usukani upande gani. Taa za Japani zinainua mwanga upande wa kushoto, unaotufaa sisi tunaopita kushoto. Ya gari la usukani wa kushoto inainua upande wa kulia, itafunga vizuri kabisa kwenye gari lako na kumpiga machoni kila anayekuja mbele.